Gurudumu litakufa kwa kipi? Alumini na kaboni, spoku nyingi na chache

Mtu akitaka kubadilisha magurudumu ya baiskeli yake ya barabarani, swali la kwanza huwa ni gramu. Yana gramu ngapi? Si swali baya. Mizani haina upendeleo, ingawa karatasi ya mtengenezaji huwa nao: mara nyingi hupima bila utepe wa kuziba matundu ya spoku na bila vali. Mimi nimekuwa nikijisukia magurudumu yangu na ya rafiki zangu, yaani kuunganisha ringi na habu kwa spoku, kwa miaka kadhaa, na siku hizi naanza na swali jingine: hili litakufa kwa kipi? Kila gurudumu hufa, na kila aina ina ugonjwa wake. Ukishaujua ugonjwa, unajua kama wewe ndiye mtu wa kuishi nao.

Magonjwa yenyewe si mengi. Spoku hukatika shingoni, pale inapojikunja kuingia kwenye sikio la habu, kile kitovu cha gurudumu. Ringi, lile duara la nje linaloshika tairi, huliwa na breki mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba kama bati la kopo. Au hugonga shimo ikabonyea, au ikapasuka. Matundu ya spoku huota nyufa ndogo. Beringi huingia maji. Na kuna kifo kingine ambacho hakiandikwi kwenye tangazo lolote: gurudumu zima kabisa, limekosa spoku moja tu, na spoku hiyo haipatikani.

Wagombea wanne

Nimeyagawa kwa jinsi yanavyojengwa, si kwa majina ya makampuni, maana kampuni moja inaweza kuuza karibu aina zote hizi. Uzito ni wa jozi, mbele na nyuma, bila matairi wala diski za breki. Kimo ni urefu wa ringi kutoka ukingo wa tairi kuelekea habu.

| Aina | Uzito wa jozi | Huelekea kufa kwa | Likiharibika |
|---|---|---|---|
| 1. Alumini, spoku 28 au 32, la kusukwa kwa mkono | gramu 1,550 hadi 1,800 | ringi kuliwa na breki au kubonyea | fundi yeyote, vipuri vya kawaida |
| 2. Alumini la kiwandani, spoku 16 hadi 24 | gramu 1,450 hadi 1,700 | spoku kukatika, nyufa kwenye matundu | mara nyingi spoku za kuagiza |
| 3. Kaboni, kimo cha milimita 35 hadi 50, spoku za chuma | gramu 1,350 hadi 1,550 | pigo la shimo, nipeli (vikofia vya kukaza spoku) kuliwa | spoku hupatikana, ringi hubadilishwa nzima |
| 4. Kaboni lenye spoku za kaboni | chini ya gramu 1,350 | pigo, spoku kuchubuliwa na kitu kigumu | spoku maalumu, au lirudi kiwandani |

Magurudumu yanayokuja na baiskeli mpya ya daraja la kati kwa kawaida huzidi gramu 1,800, na wakati mwingine hufika 2,000. Kwa hiyo hata mgombea wa kwanza, aliye mzito kuliko wenzake, anaweza kukupunguzia gramu 300 bila kukuachia mtihani wowote wa vipuri.

Gramu 300 zinanunua nini hasa

Utasikia ikisemwa kwamba gramu moja kwenye ringi ni sawa na gramu nne au tano kwenye fremu. Sivyo. Kitu kilicho kwenye ukingo wa gurudumu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kinasonga mbele pamoja na baiskeli, na kinazunguka. Ndiyo maana unapoongeza mwendo huhesabiwa mara mbili. Mara mbili tu, na wakati wa kuongeza mwendo tu. Ukishashika mwendo wako na kuutunza, hata kama ni mlimani, gramu ya kwenye ringi ni sawa na gramu ya mfukoni.

Tupige hesabu. Mpanda baiskeli pamoja na baiskeli na maji yake ni kilo 80. Anapunguza gramu 300, zote kwenye ringi. Anapanda mlima mkali unaomchukua saa nzima. Gramu 300 ni sehemu ndogo sana ya kilo 80, haifiki hata nusu ya asilimia moja, nayo inampa sekunde 13 au 14 katika saa hiyo. Akichomoka kutoka kusimama hadi kilomita 36 kwa saa, gramu hizo humwokolea jouli 30, wakati mwili wake na baiskeli vinahitaji jouli 4,000. Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni nzito kuliko tofauti yote hii tunayoigombania.

Sisemi wepesi ni upuuzi. Gurudumu jepesi hujibu haraka ukikanyaga pedali, na raha hiyo ni ya kweli hata kama saa haioneshi kitu. Anayeshindana kwenye milima anazitaka hizo sekunde 13. Lakini kwa sisi wengine, bei ya sekunde 13 isiwe kubaki kando ya barabara na gurudumu lisilozunguka.

Hewa nayo ina neno. Kwenye tambarare, ukivuka kilomita 30 kwa saa, mzigo mkubwa unaousukuma ni hewa, na nguvu inayohitajika huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo. Ringi yenye kimo kirefu huipasua hewa vizuri zaidi kuliko ringi fupi. Chukua magurudumu mawili ya ukoo mmoja: Shimano Dura-Ace C36 ya breki za diski (zinazobana diski iliyo kwenye habu, si ringi) hutajwa kuwa na gramu 1,350, na ndugu yake C50 gramu 1,461; namba hizo za jina ni kimo kwa milimita. Milimita 14 za kimo zimegharimu gramu 111. Katika ule mlima wetu wa saa moja hizo ni sekunde tano. Kwenye tambarare ndefu C50 huzirudisha zote na ziada. Ndiyo maana hata wanariadha wa kulipwa, ambao tangu mwaka 2000 sheria ya UCI, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, inawakataza kutumia baiskeli yenye uzito chini ya kilo 6.8, hawakimbilii tena gurudumu jepesi kuliko yote. Wakishaukaribia uzito huo, gramu zinazobaki huzitumia kutafuta hewa.

Ila upepo wa ubavu haumwogopi bingwa. Ringi ya mbele ikiwa ndefu, upepo wa ghafla huushika na kuupeleka usukani kando, na mtu mwepesi huhisi zaidi. Kama barabara zako ziko wazi na zina upepo, kimo cha milimita 35 hadi 40 mbele kinatosha. Nyuma unaweza kwenda 50 bila shida, kwa sababu gurudumu la nyuma halipindi usukani.

Spoku: hapa ndipo wepesi na uimara hukaa nyumba moja

Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu, soma hii.

Gurudumu lililosukwa ni kama ngoma iliyowambwa. Spoku zote zimevutwa, na mkazo huo ndio unaolifanya lisimame. Ukikaa juu ya baiskeli, spoku zilizo chini, karibu na ardhi, hulegea kidogo. Zikiondoka chini hurudi kwenye mkazo wake. Kulegea na kukaza, kila mzunguko mmoja mara moja. Gurudumu la barabarani lenye tairi lina mzingo wa mita 2.1 hivi, kwa hiyo kila kilomita kila spoku hupitia mzunguko huo mara 475 au zaidi. Kilomita 10,000 ni zaidi ya mara milioni nne na nusu. Spoku haikatiki kwa sababu siku ile uliikanyaga sana. Hukatika kwa uchovu, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka ukatike mkononi.

Sasa jambo ambalo wengi hulikataa wakilisikia mara ya kwanza: spoku nyembamba katikati hudumu kuliko spoku nene kotekote. Spoku ya milimita 2.0 mwanzo hadi mwisho haivutiki kwa urahisi, kwa hiyo mtikisiko wote huishia shingoni na kwenye nyuzi za nipeli, pale palipo dhaifu. Spoku iliyopunguzwa katikati hadi milimita 1.8, au hata 1.5, huvutika kidogo kama mpira, ikaibebea shingo sehemu ya kazi. Na ni nyepesi. Spoku nene kotekote ina gramu 6.6 hivi, ile ya milimita 1.5 katikati ina gramu 4.4. Kwenye jozi yenye spoku 56 unapunguza zaidi ya gramu 120, na gurudumu linaishi muda mrefu zaidi. Sijui mahali pengine kwenye baiskeli ambapo biashara ya namna hii hupatikana.

Linganisha na gramu zinazopatikana kwa kupunguza idadi. Kutoka spoku 56 hadi 44 unaondoa spoku 12 pamoja na nipeli zake: gramu 65 kwa spoku nyembamba. Badala yake kila spoku iliyobaki hubeba zaidi, ringi huvutwa kwa nguvu zaidi kwenye matundu machache, na ikikatika moja, gurudumu hukaa tege vibaya sana. Niliwahi kumiliki jozi ya aina ya pili, spoku 20 nyuma, nzuri kwa macho. Moja ilikatika upande wa kaseti, lile rundo la gia za nyuma. Ringi ilipinda mpaka tairi likagusa fremu na kugoma. Nilibeba baiskeli begani. Kisha nikasubiri wiki saba spoku moja yenye umbo ambalo kampuni hiyo pekee ndiyo huitengeneza. Kwenye gurudumu la spoku 32, ajali hiyohiyo ilinipata mwaka mwingine. Nililegeza breki, nikaifunga spoku iliyokatika kwenye jirani yake isipige fremu, nikafika nyumbani nikiendesha taratibu.

Haya hayamaanishi kwamba aina ya pili ni takataka. Magurudumu kama Campagnolo Zonda ya breki za ringi, zile zinazobana ringi yenyewe, yenye spoku 16 mbele na 21 nyuma na gramu 1,540 hivi, yamewapeleka watu mbali sana, kwa sababu yalijengwa vizuri na ringi yake ilikusudiwa mkazo ule. Mtu wa kilo 65 anaweza kulitumia miaka bila kugusa ufunguo wa spoku. Mtu wa kilo 95 kwenye barabara mbovu anacheza bahati nasibu. Na kabla ya kununua, mmoja na mwingine wajiulize kama spoku hizo ni za umbo la kawaida au la.

Gurudumu la nyuma ndilo lenye taabu. Kaseti imechukua nafasi upande wa kulia, kwa hiyo spoku za kulia zinasimama wima zaidi, na ili ringi ikae katikati ni lazima zivutwe karibu mara mbili ya zile za kushoto. Za kushoto zikiwa legevu mno, nipeli zake hujifungua zenyewe, au spoku hulegea kabisa zikipita chini na kuanza kuchoka. Ndiyo maana ninapomsukia mtu jozi yenye uzito wa kati namwekea 24 mbele na 28 nyuma, sio 26 kwa 26. Ni zile gramu chache zinazokwenda mahali zinapohitajika. Kwa breki za diski hata gurudumu la mbele lina upande wenye taabu, ule wa diski, na linabeba nguvu ya kusimamisha baiskeli kupitia spoku. Hapo 24 ndiyo ningeifanya sakafu, na 28 kwa mtu mzito.

Nipeli, vile vikofia vinavyokaza spoku kwenye ringi, huwa vya shaba nyeupe au alumini. Za alumini hupunguza jozi nzima gramu 35 au 40. Pia huliwa na chumvi na unyevu, hasa zikikaa kwenye ringi ya kaboni, kwa sababu kaboni na alumini zikilowa pamoja hufanya kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Nimewahi kuzungusha nipeli ya alumini ikameguka kama biskuti. Chukua za shaba.

Alumini na kaboni, uso kwa uso

Alumini hupinda kabla ya kuvunjika. Ukigonga shimo, ukingo hubonyea; bonyeo dogo unaweza kulirudisha kwa koleo na kipande cha mbao, tairi likashika, ukaendelea. Ubaya wake ni kwamba bonyeo haliishi kukukumbusha kwenye breki, na ringi iliyopinda upande haikubali tena kukaa na mkazo ulio sawa. Unaweza kuinyoosha kwa spoku, lakini spoku zingine zitakuwa zimekazwa mno na zingine zimelegea, na hizo legevu ndizo zitakazokatika kwanza. Uchovu pia huishika: tazama kuzunguka matundu ya spoku baada ya kilomita nyingi, utaona nyufa nyembamba kama unywele zikitoka tunduni.

Kaboni haipindi. Mapigo mengi ambayo yangebonyeza alumini, ringi nzuri ya kaboni huyameza bila alama, na baada ya miaka bado imenyooka kama siku ya kwanza. Hilo linawashangaza watu waliozoea kusikia kwamba kaboni ni kioo. Lakini ikizidiwa, hupasuka, na ufa wa kaboni haunyooshwi. Ukigonga kitu kwa nguvu, toa tairi, safisha, pitisha kidole na kucha ukingoni pande zote mbili, gongagonga kwa sarafu na usikilize: mahali palipoachana tabaka hutoa mlio mfu. Ukiwa na shaka, usipande.

Kwa uzito, tofauti si kubwa kama matangazo yanavyoimba. Ringi nzuri ya alumini yenye kimo kifupi ina gramu 430 hadi 520. Ringi ya kaboni yenye kimo cha milimita 40 hucheza gramu 400 hadi 470. Kinachonunuliwa kwa kaboni ni kimo: kuijenga alumini iwe na kimo cha milimita 50 kungeleta chuma kizito cha kubeba mlimani. Kama hutaki kimo, sababu ya kulipa zaidi hupungua sana.

Mgombea wa nne, mwenye spoku za kaboni, nimempanda mara mbili kwa kuazima. Ni gurudumu la ajabu: limekakamaa, halina uzito, linakwenda ukilitazama tu. Sikulinunua. Spoku hizo hazichoki kama chuma, ila jiwe au baiskeli ya mwenzio ikiichubua kutoka ubavuni mambo ni mengine, na kwenye miundo mingine spoku haibadilishiki nyumbani kabisa. Ni la mtu mwenye jozi ya pili nyumbani.

Breki huamua mapema

Kama fremu yako ni ya breki za ringi, ukubali kwamba ringi ni kitu cha kuliwa, kama pedi za breki. Kila unaposimama kwenye mvua, mchanga kati ya pedi na ringi husaga ukuta. Ringi nyingi za alumini zina kitobo kidogo au mfereji wa kuonesha ulaji; siku ukitoweka, ringi imekwisha, hata kama spoku na habu ni nzima. Hapo ndipo aina ya kwanza hung'ara: unanunua ringi mpya yenye kipimo kilekile, unahamisha, habu inaendelea kuishi.

Kaboni na breki za ringi ni ndoa ambayo sikuiamini hata ilipokuwa changa. Kwenye mteremko mrefu joto la pedi halina pa kwenda, kwa sababu kaboni haisambazi joto kama alumini; gundi inayoshika nyuzi inaweza kulainika na ukingo ukavimba. Kwenye mvua, sekunde za kwanza baada ya kubana breki ni za sala. Lazima pia pedi ziwe za aina yake. Kwa breki za ringi jibu langu ni alumini.

Diski zilibadilisha hesabu. UCI ilipoziruhusu rasmi kwenye mashindano ya barabarani kuanzia Julai 2018, watengenezaji wengi wakahamia huko, na ringi ikaachiwa kazi moja tu ya kuwa ringi. Ya kaboni haipati tena joto, na ya alumini hailiwi. Kwa mwenye diski, mgombea wa tatu ameacha kuwa anasa ya siku ya mashindano. Linaweza kuwa gurudumu la kila siku. Ila magurudumu ya pande hizi mbili hayabadilishani: ya zamani hukaa kwenye fremu kwa kibano cha haraka, upana wa habu milimita 100 mbele na 130 nyuma, ya diski hutumia ekseli nene ya milimita 12 inayopenya, 100 na 142.

Ukingo wa ringi, na tairi linalokaa juu yake

Ringi za zamani zilikuwa na upana wa ndani wa milimita 13 hadi 15, na matairi ya 23. Leo ni 19 hadi 25, na matairi ya 28 hadi 32. Hili ndilo badiliko lililoongeza maisha ya magurudumu kuliko kaboni. Tairi la 30 lenye upepo wa bar 4.5 hupokea shimo ambalo tairi la 23 lenye bar 7.5 lingelipeleka lote kwenye ringi na spoku. Unaongeza gramu 50 au zaidi kidogo kila gurudumu. Zilipe.

Mahali ambapo napunguza mwendo ni ringi zisizo na kulabu, yaani ukingo ulionyooka bila ule mdomo wa ndani unaoshika tairi. Watengenezaji wana sababu zao: ni rahisi kuzimimina, na ukingo wake mnene hustahimili mapigo. Lakini upepo usizidi bar 5, tairi liwe la aina inayokubaliwa na mtengenezaji wa ringi, na upana wake uendane na ringi. Februari 2024 kwenye mashindano ya UAE Tour, tairi la mwendesha baiskeli wa kulipwa Thomas De Gendt lilitoka kwenye ringi ya aina hiyo akaanguka, na UCI ikatangaza kuliangalia suala hilo. Mtu wa kilo 60 mwenye matairi ya 30 anaweza kuishi humo vizuri bila hata kukaribia bar 5. Mtu mzito anayependa tairi gumu la 28 anaishi ukingoni mwa kipimo. Mimi huchagua zenye kulabu. Hazinidai kukumbuka kitu kila nikishika pampu.

Habu

Hapa nitakuwa mfupi. Gramu za habu ziko katikati, hazizunguki mbali, kwa hiyo ndiyo gramu za bei rahisi kuliko zote kubeba. Usizikimbie. Habu za gololi na koni hutengenezeka milele kama utazifungua, kuzisafisha na kuzipaka grisi kabla hazijalia. Ukichelewa, njia ya gololi huchimbika na habu imekwisha. Habu za beringi zilizofungwa hazihitaji ujuzi: zikichoka unazing'oa na kuweka mpya zenye namba ileile iliyoandikwa ubavuni. Kwa mtu asiyependa kufungua vitu, za pili.

Angalia pia ile sehemu inayobeba kaseti. Ikiwa ya alumini, meno ya kaseti hujichimbia ndani yake. Itafute yenye ukanda wa chuma wa kuzuia hilo, au kaseti ambayo gia zake kubwa zimeungana pamoja. Hakikisha inalingana na mfumo wako, kwa sababu Shimano, SRAM na Campagnolo kila mmoja ana umbo lake.

Ningechukua lipi

Mwenye jozi moja tu, breki za ringi, barabara mchanganyiko: alumini, spoku 28 na 28, nyembamba katikati, nipeli za shaba. Ukizidi kilo 90, 32 nyuma.

Mwenye diski na anayepanda kila wiki kwa mwendo mzuri: kaboni ya milimita 35 hadi 45, upana wa ndani 21 au 23, yenye kulabu, spoku 24 na 24 za chuma zenye shingo ya kawaida. Gramu 1,450 za namna hii zitamshinda kwa miaka mtu mwenye gramu 1,280 anayesubiri kipuri. Soma pia kikomo cha uzito, na usome vizuri kama kinahesabu mpandaji peke yake au pamoja na baiskeli na mizigo. Tofauti hiyo ni zaidi ya kilo 10 na wengi huikosea.

Anayeshindana, mwenye magurudumu ya mazoezi pembeni: mgombea wa nne, kwa moyo mweupe.

Mwenye bajeti finyu na diski: alumini tena, na fedha inayobaki aiweke kwenye matairi mazuri. Kati ya hayo mawili, tairi ndilo atakalolihisi siku ya kwanza.

Lolote utakalochukua, la mkono au la kiwandani, liendeshe kilomita 200 au 300 kisha ulikague kabla hujalisahau. Zishike spoku mbili mbili zinazopishana, uzibane kwa kiganja kuzunguka gurudumu lote, upande mmoja kisha mwingine. Zikigongwa kwa kucha, za upande mmoja zinatakiwa kutoa sauti zinazokaribiana. Ukikuta moja inayolia chini sana kuliko jirani zake, hiyo ndiyo itakayokatika, ikazwe leo.